Fundi Anajua Kazi, Je, Anaruhusiwa?

Fundi umeme anaweza kusambaza nyaya kwa ustadi kuliko wenzake wote mtaani, lakini mwenye nyumba akienda TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, kuomba kuunganishiwa umeme, huulizwa kazi ilisimamiwa na mkandarasi gani mwenye leseni. Hapo hakuna anayedai kwamba fundi hajui kazi. Linaloulizwa ni jambo jingine kabisa.

Tunapouliza kama mtu ana sifa za kutosha, huwa tunachanganya maswali manne. Kila moja lina jibu lake na ushahidi wake.

1. Je, anajua kazi?

Umahiri wa kazi hujengwa na maarifa, stadi na mwenendo. Fundi magari anayeeleza vizuri jinsi breki zinavyofanya kazi ana maarifa. Akizifunga sawasawa, ana stadi. Akikataa kukurudishia gari kabla hajalijaribu, ana mwenendo wa kazi. Likipungua moja kati ya hayo matatu, umahiri haujakamilika.

Ndiyo maana mafunzo ya ufundi hupima vitendo, si kalamu na karatasi pekee. Katika vyuo vya ufundi nchini Kenya, anayepimwa huonekana ama amefikia umahiri ama bado hajaufikia. Hilo neno "bado" lina uzito: linamwachia nafasi ya kurudi kufanyia kazi sehemu iliyopungua.

Shule nazo zimeelekea huko. Mihtasari ya Tanzania inataja umahiri mkuu na umahiri mahususi. Kenya ilianza mwaka 2019 kutekeleza mtaala wa umilisi, ambamo mtoto hutajwa kuwa anazidisha matarajio, anayafikia, anayakaribia au yuko mbali nayo. Mzazi anayepokea ripoti ya namna hiyo asiishie kuuliza mtoto amekuwa wa ngapi. Aulize ni jambo gani hasa ambalo bado hawezi kulifanya.

Kwa Tanzania, aliyejifunzia kazi gereji au kwenye mjengo bila kupita chuoni ana njia yake. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, huendesha utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: fundi hupimwa kwa kazi anayoifanya, hupewa mafunzo ya kuziba mapengo yanayoonekana, kisha akifaulu hupata cheti. Aulizie katika chuo cha VETA kilicho karibu naye.

2. Je, anaruhusiwa?

Cheti kinathibitisha kwamba mtu amejifunza na kupimwa, lakini leseni ndiyo inayomruhusu kufanya kazi yenye hatari kwa wengine. Nchini Tanzania, leseni za ufungaji umeme hutolewa kwa madaraja na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na daraja ndilo linaloonyesha ukubwa wa kazi inayoruhusiwa. Daktari husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Vivyo hivyo, leseni ya gari dogo la binafsi haimpi dereva ruhusa ya kuendesha basi la abiria, hata awe stadi namna gani.

3. Je, sheria inamtambua?

Hapa ustadi hauulizwi kabisa. Chini ya Sheria ya Mikataba ya Tanzania, mtu anaweza kufunga mkataba akiwa na umri wa utu uzima, yaani miaka 18, akiwa na akili timamu, na akiwa hajazuiwa na sheria yoyote. Anayeugua akili kwa vipindi anaweza kufunga mkataba katika kipindi ambacho akili zake zimetulia.

Kwa shahidi, kipimo ni kingine. Sheria ya Ushahidi inamchukulia kila mtu kuwa anaweza kutoa ushahidi, isipokuwa mahakama ione kwamba hawezi kuelewa maswali au kuyajibu kwa mantiki, pengine kwa sababu ya umri mdogo, uzee au ugonjwa. Mtoto mdogo anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, mradi aahidi kusema kweli na si uongo. Kwa hiyo mtoto asiyeweza kuuza kiwanja anaweza kusimama kizimbani kueleza alichokiona.

4. Je, ana mamlaka?

Ofisi nayo ina mipaka yake. Mahakama ya Mwanzo haisikilizi kesi ya mauaji, hata hakimu wake awe amebobea vipi katika sheria. Shauri likipelekwa pasipo na mamlaka, muda na nauli hupotea bure.

Kabla hujatoa pesa au kusaini

- Unatafuta fundi: omba kuona kazi aliyokwisha kuifanya, kisha zungumza na mwenye kazi hiyo.
- Kazi inagusa umeme, afya au uhai wa watu: dai leseni, soma daraja lake na tarehe ya mwisho, halafu ihakiki kwa mamlaka iliyoitoa.
- Unafunga mkataba: hakikisha umri wa mwenzako na hali yake anaposaini.
- Unapeleka shauri: uliza kwanza kama ofisi hiyo inahusika nalo.

Leseni haikuhakikishii kwamba kazi itafanywa vizuri, wala mkono mzuri hauchukui nafasi ya leseni. Kwa kazi ya hatari, dai vyote viwili.