Nyumba inayonukia: msamiati wa manukato na kazi ya mfasiri

Mwanafunzi akikutana na neno la Kifaransa parfum katika zoezi la tafsiri, mara nyingi huandika manukato na kupita. Kwa chupa ya kujipulizia, jibu hilo linatosha. Lakini kuna maandishi yanayofundisha kupamba nyumba, ambamo harufu ya chumba inahesabiwa pamoja na mapazia na rangi ya ukuta. Huko neno moja halitoshi, kwa sababu Kiswahili hutaja harufu nzuri kulingana na namna inavyoingia chumbani.

Tuanze na kitenzi. Kunuka ni kutoa harufu, na pasipo maelezo zaidi msikilizaji huelewa kwamba ni mbaya: samaki ananuka. Kikiongezwa kiambishi -i-, maana hugeuka: waridi linanukia. Umbo ni la kauli ya kutendea, ingawa hapa hakuna anayetendewa jambo. Mfasiri anayetangaza kwamba «sebule yako itanuka kama bustani» amekwisha kumfukuza mnunuzi.

Marashi linatokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kunyunyiza. Hasa ni maji ya waridi, na chombo chake, chenye shingo ndefu na matundu madogo kichwani, huitwa mrashi. Pwani, kwa mfano Zanzibar na Lamu, wageni wa harusi au maulidi hunyunyiziwa maji hayo. Neno lenyewe limefika mbali: Kilingala husema malasi kwa manukato ya aina yoyote. Sauti r imekuwa l, na kunyunyiza kumesahaulika.

Udi nao ni mti. Vipande vyake huwekwa juu ya makaa ndani ya chetezo, vyumba na nguo vikafukizwa. Kufukiza kumejengwa juu ya kufuka, yaani kutoa moshi. Basi pasipo moshi hakuna kufukiza. Sisi husema «kwa udi na uvumba» tukitaka kusema kwa kila njia, na wengi wetu hatujawahi kuona chetezo.

Maua hayahitaji moto wala maji. Asumini hupandwa uani, karibu na nyumba. Huchumwa yakiwa bado vichomozo, kwa kuwa hufunguka jioni. Yakitandazwa kitandani kwa maharusi, chumba hunukia usiku. Yakifungwa pamoja na mrehani huwa kikuba, kishada ambacho mwanamke hukibandika nguoni, kwa hiyo harufu hutembea naye kutoka chumba hadi chumba. Sijui kama kuna pambo la nyumba lililo rahisi kuliko hilo.

Kwa hiyo mfasiri aulize kwanza: kinanyunyizwa, kinachomwa au kinawekwa tu? Mshumaa hausumbui: ni mshumaa unaonukia asumini. Taabu iko kwenye vile vijiti vinavyosimamishwa katika chupa ya mafuta mazuri. Havitoi moshi, basi kufukiza hakufai. Havirushi maji, basi marashi pia hayafai. Ningependekeza kunukiza, yaani kufanya kitu kinukie, na tuviite vijiti vya kunukizia. Neno limejengwa kwa sarufi ile ile ya nukia, na hata asiyewahi kulisikia ataweza kulifumbua. Dukani, muuzaji ataendelea kusema parfe, na mnunuzi atamwelewa.