Tumbo Tupu kabla ya Nusukaputi: Somo kuhusu Wagonjwa wa Prader-Willi

Mwaka 1956, madaktari watatu wa Uswisi, Prader, Labhart na Willi, walieleza ugonjwa adimu wa jeni unaotokana na hitilafu katika kromosomu ya 15. Mtoto huzaliwa akiwa mlegevu hata kunyonya humshinda; miaka kadhaa baadaye hushikwa na njaa isiyokoma, kwa kuwa ubongo wake haupati hisia ya kushiba. Njaa hiyo si ulafi, wala haitokani na malezi mabaya.

Unene ukikithiri, baadhi ya wagonjwa hufikiriwa kufanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo. Upasuaji hauiondoi njaa inayotoka ubongoni, hivyo wataalamu wanatofautiana kuhusu faida yake. Uamuzi ukishafikiwa, daktari wa usingizi huuliza kwanza: je, tumbo ni tupu?

Kwa kawaida mgonjwa hukaa saa 6 bila chakula chepesi, saa 8 baada ya chakula cha mafuta, na saa 2 bila maji. Nusukaputi huzima kinga ya koo; kilichomo tumboni kikipanda, huweza kuingia mapafuni na kuua. Mgonjwa wa Prader-Willi huweza kula kwa siri, na ni nadra kutapika. Kauli yake pekee haitoshi.

Chukua mfano wa mgonjwa anayetoka Jambiani kwenda kutibiwa Dar es Salaam. Atapanda gari hadi mjini Unguja, kisha boti. Kote njiani vyakula vinauzwa. Nyumbani nako, jirani anayekula hawezi kumwona mtoto akipita asimkaribishe. Ukarimu huo ni jambo jema, lakini kabla ya upasuaji huweza kumdhuru. Kwa hiyo majirani waelezwe mapema, mgonjwa alazwe kabla ya siku ya upasuaji, na ndugu mmoja asimwache peke yake. Akionekana amekula, hata kitumbua kimoja, daktari aambiwe bila kuogopa lawama. Upasuaji huweza kuahirishwa.

Pamoja na tahadhari hizo, daktari humhesabu mgonjwa kuwa ana chakula tumboni: humpa oksijeni kwanza, humlaza kwa dawa ziendazo kasi, kisha huweka mrija wa hewa bila kuchelewa. Baada ya upasuaji, dawa kama mofini hutolewa kwa uangalifu mkubwa, kwani pumzi ya wagonjwa hawa huweza kukatika usingizini. Usiku kucha mapigo ya moyo na oksijeni hufuatiliwa.

Hatari ya mwisho hujificha. Wengi wao hawasikii maumivu kama watu wengine, na homa huenda isipande. Mshono wa tumbo ukivuja, mgonjwa huweza kunyamaza. Hapo ndugu anayemjua hutambua badiliko mapema kuliko kipimo. Mgonjwa wa Prader-Willi akikataa chakula au akianza kutapika, hiyo ni dalili ya hatari; daktari aitwe mara moja.