Gari Linachemsha: Jua Linachemsha Wakati Gani Kabla ya Kununua Spea

Vijana wenzangu wa kilimo biashara, wengi mmenizoea kwa mambo ya mbegu, mbolea na viuatilifu. Leo naomba tuingie gereji kidogo, kwa sababu nyanya ikishapangwa kwenye matenga haijui kama gari ni zima au ni bovu. Yenyewe inaendelea kuiva tu. Umetoka nayo Ilula, Dar ni zaidi ya kilomita 400, gari linachemsha njiani, unalala hapo. Kesho yake ukifika sokoni, tenga za chini zinavuja maji na bei anakupangia dalali. Hasara hiyo haikutoka shambani, lakini inakula faida ya shamba.

Mimi si makenika. Ninayoandika hapa ni yale ambayo mwenye gari na dereva wake wanaweza kuyaangalia wenyewe, ili mkifika kwa fundi mwende na maelezo, siyo na pochi wazi.

Joto linatoka vipi kwenye injini

Karibu theluthi moja ya joto la dizeli inayochomwa huondolewa na maji ya kupoozea. Wota pampu inayasukuma maji yazunguke silinda na silinda hedi. Themostati inayazuia yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto wa kutosha. Kwenye dizeli nyingi huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Maji yakifika kwenye rejeta, feni inavuta hewa na kuyapooza, kisha yanarudi kwenye injini. Kifuniko cha rejeta kinashikilia presha ili maji yasichemke mapema.

Hicho kifuniko wengi wanakidharau. Iringa mjini, kwenye mita kama 1,600 juu ya usawa wa bahari, maji kwenye sufuria yanachemka karibu nyuzi 95, siyo 100. Kifuniko kizima chenye alama ya 0.9 kinasogeza kiwango hicho hadi karibu nyuzi 115. Kikichoka, umepoteza nyuzi 20 za usalama. Sisi wa nyanda za juu tunaumia zaidi na kifuniko kibovu kuliko mtu wa Pwani.

Swali la kwanza: linachemsha wakati gani?

Kabla hujagusa kitu, mwulize dereva swali hili na umwache aeleze vizuri.

*Linachemsha kwenye mlima likiwa na mzigo, tambarare liko sawa.* Mfumo unapooza, ila uwezo wake umepungua. Angalia kifuniko, rejeta iliyoanza kuziba, mkanda wa feni unaoteleza, na uzito wa mzigo wenyewe. Angalia pia kama kuna tairi ambalo breki zake zinashika. Gari kama hilo linapanda mlima huku limejifunga.

*Linachemsha kwenye foleni, likikimbia linapoa.* Likikimbia, upepo wa barabarani unasaidia. Likisimama, linategemea feni peke yake. Kwa hiyo mtuhumiwa wa kwanza ni feni: mkanda, kilachi ya feni, au ule mkebe wa plastiki unaoizunguka feni kama umevunjika au umetolewa.

*Linachemsha dakika chache baada ya kuwashwa, hata bila mzigo.* Hapa maji hayazunguki au hayapo. Angalia kiwango cha maji, themostati iliyokwama ikiwa imefungwa, wota pampu, au hewa iliyonasa ndani baada ya maji kubadilishwa.

*Maji yanapungua kila siku na huoni yanapovujia.* Hili ndilo la kuogopa. Huenda gasketi ya silinda hedi imeungua, au hedi imepasuka.

Pima kuanzia kitu cha bei ndogo

Injini iwe ya baridi kabisa, isipokuwa pale nitakaposema vinginevyo. Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto. Maji yenye presha yanaruka na kuunguza uso.

1. Maji. Rejeta ijae, chupa ya akiba iwe kati ya alama mbili. Tafuta madoa meupe au ya rangi kwenye maungio ya mipira, na chini ya wota pampu penye tundu dogo. Tundu hilo likidondosha maji, sili ya pampu imekwisha.

2. Kifuniko. Kagua mpira wake kama umepasuka au umekakamaa, na springi kama imelegea. Injini ikipoa ukakuta mpira wa rejeta umebonyea kama umefyonzwa, vali ndogo ya kifuniko haifunguki. Ukinunua kipya, alama yake ya presha ilingane na ile ya gari lako.

3. Uso wa rejeta. Magari yetu yanapita kwenye vumbi, makapi na wadudu. Mulika tochi kwa nyuma ya rejeta. Usipouona mwanga kwa mbele, hewa nayo haipiti. Osha kwa maji ya presha ndogo kutoka upande wa feni kwenda nje. Presha kubwa inalaza mapezi ya rejeta.

4. Mkanda wa feni. Bonyeza katikati kwa dole gumba. Kwa magari mengi ukizama sentimita moja hadi moja na nusu ni sawa. Ukiwa unang'aa au una nyufa, badilisha.

5. Feni. Gari likiwa limetoka kazini, zima, toa ufunguo, kisha zungusha feni kwa mkono. Kama ni feni ya kilachi ya mafuta na inazunguka huru kama pangaboi, kilachi imechoka. Feni ya umeme usiiguse. Inaweza kujiwasha yenyewe.

6. Themostati. Washa injini, geji ya joto ipande. Mpira wa juu ukiwa wa moto na wa chini bado wa baridi, maji hayapiti: ama themostati imekwama au rejeta imeziba. Itoe themostati, iweke kwenye sufuria ya maji jikoni. Maji yanapochemka iwe imefunguka wazi. Isipofunguka, tupa.

7. Rejeta kwa ndani. Injini ikiwa na joto na imezimwa, pitisha kiganja karibu na uso wa rejeta. Sehemu zenye baridi katikati ya zile za moto ndizo zilizoziba.

8. Gasketi. Injini ikiwa baridi, fungua kifuniko, jaza maji, washa. Mapovu yakitoka mfululizo bila kukoma, au mipira ikikakamaa mara tu baada ya kuwasha huku kifuniko kimefungwa, gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa na moshi mweupe usioisha vinasema hivyohivyo. Hapo hakuna dawa ya kumimina. Hedi inafunguliwa, inapimwa kama imepinda, ndipo gasketi mpya inafungwa.

Kwa nini nasisitiza mpangilio huu? Kikundi kimoja cha vijana ninachokihudumia wana Canter ya mkononi. Ilikuwa inachemsha, fundi akabadilisha wota pampu. Ikachemsha. Akaleta rejeta nyingine. Ikachemsha tena, na pesa ya mbolea ya kukuzia ikawa imeishia gereji. Nilipomwuliza dereva, jibu lake lilikuwa fupi: "Ikianza kupanda tu, afisa. Tambarare haina shida." Tukaangalia kifuniko. Rejeta ilikuwa mpya, lakini kifuniko kilihamishwa kutoka kwenye ile ya zamani, mpira wake umepasuka. Walinunua kifuniko, gari likapanda. Nyanya za mavuno yale zilikosa mbolea kwa wakati, na hilo lilionekana kwenye mizani.

"Toa themostati, gari litapoa"

Ushauri huu utausikia kila gereji. Achana nao. Bila themostati injini inachelewa kupata joto, inakula mafuta na silinda zinalika haraka. Tena kwenye injini nyingi za malori, themostati ikifunguka inaziba njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, maji mengi yanapita mkato bila kufika kwenye rejeta, na gari linachemsha zaidi mlimani. Iliyokufa ibadilishwe kwa nyingine yenye nyuzi zilezile.

Maji gani?

Maji ya kisima yenye chumvi yanaacha magadi ndani ya rejeta, kama unavyoona kwenye birika la chai. Tumia kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi yasiyo na chumvi. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri ni bora kuliko ya kisima. Msiseme kulanti ni ya nchi za barafu. Inazuia kutu na inapandisha kiwango cha kuchemka. Usichanganye aina mbili tofauti. Ukishajaza, acha kifuniko wazi, injini ingurume taratibu mpaka themostati ifunguke na hewa itoke, ongeza maji, ndipo ufunge.

Likichemsha njiani na mzigo uko juu

Kwenye mlima kama Kitonga, ukipanda na mbolea kutoka Dar, shusha gia mapema. Gia kubwa huku umekanyaga mafuta mpaka mwisho inazalisha joto jingi, wakati feni na pampu zinazunguka polepole.

Geji ikipanda, tafuta pa kusimama salama. Kama maji bado yapo na mkanda haujakatika, acha injini ingurume bila mzigo dakika chache. Ikiendelea kupanda, au ukiona mvuke, zima. Na geji ikishuka ghafla wakati gari lilikuwa linachemsha, usishangilie. Mara nyingi maji yamekwisha, na kipimo hakiguswi tena na maji. Zima palepale.

Subiri nusu saa au zaidi, mpaka mpira wa juu ushikike kwa mkono. Ongeza maji polepole. Maji ya baridi kwenye injini ya moto yanapasua hedi.

Likichemsha mara ya pili, usiendelee "kuvizia" kwa kumwagia maji kila kilomita kumi. Piga simu, ufaulishe mzigo kwenye gari jingine. Najua kufaulisha kunauma, hasa pale hela ya mzigo bado haijaingia. Lakini weka hesabu mezani: nauli ya lori la pili ni ya safari moja, hedi iliyopinda ni ya msimu mzima, na nyanya iliyolala juani haina atakayekulipa.

Kwa hiyo wiki moja kabla ya mavuno, mnapokwenda kuhesabu matenga, fanyeni pia hatua ya kwanza hadi ya tano. Hazizidi saa moja. Andikeni kwenye daftari la gari tarehe, kiwango cha maji na mlichobadilisha. Siku gari likisumbua, fundi ataanza kusoma hapo.

Kazi njema, na safari salama.