Kumwandama Mtu Si Kumposa

Msichana wa Nchelenge aenda sokoni Kashikishi kununua samaki. Kijana aliyekwisha kukataliwa amngoja njiani. Kesho yuko karibu na mlango wao. Keshokutwa apiga simu mara kumi. Watu husema, "Huyo apenda kweli." La! Posa hungoja jibu, na jibu likiwa hapana, neno limekwisha.

Kila tendo peke yake laonekana dogo. Ubaya wake ni kule kurudiwa hata mtu aingiwe na hofu. California ilitunga sheria juu ya jambo hili mwaka 1990. Zambia imelitaja katika sheria ya 2011 ya kupinga ukatili wa kijinsia, na mahakama yaweza kutoa amri ya ulinzi. Mwenye kuivunja hushitakiwa.

Basi, ukiandamwa, kataa mara moja kwa maneno wazi, kisha usijibu tena. Ukijibu simu ya kumi, umemfundisha kupiga kumi. Andika tarehe, saa na mahali, usifute ujumbe. Waambie wazazi au mwalimu, ukatoe habari polisi. Usiende peke yako "kuyamaliza".

Nasi wavulana, rafiki akikataliwa, tusimsindikize kwenda kuvizia.