Jiwe Jeusi la Kolwezi

Watoto, mmekwisha kuona simu ya mkononi. Labda baba anayo, ama mama anaitumia sokoni. Ni kitu kidogo, chaingia mfukoni. Basi, ndani ya simu nyingi mna kipande kidogo cha udongo wa Kongo.

Katika jimbo la Lualaba, lililokuwa sehemu ya Katanga mpaka mwaka 2015, uko mji wa Kolwezi. Vilima vyake vina mawe ya namna nyingi. Jiwe la kijani lina shaba. Wenyeji waliliyeyusha karne nyingi kabla Wazungu hawajafika. Jiwe jingine ni jeusi na zito. Hilo lina kobalti. Huko Ujerumani, wachimbaji wa zamani waliyaogopa mawe ya kobalti. Walipoyatia motoni, hawakupata madini waliyoyatafuta, ila moshi wenye sumu. Wakasema: ni kazi ya pepo wa migodi, Kobold. Jina la kobalti limetoka kwake.

Jiwe lililoogopwa lilipata kazi kubwa baadaye. Mwaka 1980, huko Oxford katika Uingereza, John Goodenough na wenzake walitambua ya kuwa kobalti yafaa sana kutengeneza betri. Mwaka 2019 alipewa tuzo ya Nobel pamoja na Stanley Whittingham na Akira Yoshino. Goodenough alikuwa na umri wa miaka 97. Hapana mtu aliyepata kupewa tuzo hiyo akiwa mzee kama yeye.

Betri hiyo yafanya kazi namna gani? Ina pande mbili. Upande mmoja una kobalti, nayo imejipanga safu juu ya safu, kama mabenchi darasani. Katikati ya safu hizo vinakaa vichembe vya madini mengine, jina lake lithiamu. Simu ikiunganishwa na umeme, vichembe vinaondoka katika safu, vinakwenda upande wa pili. Simu ikitumiwa, vinarudi mahali pao, na wakati wa kurudi umeme unapita katika nyuzi za simu. Safu za kobalti hazibomoki upesi, kwa hiyo betri yajazwa leo, na kesho, na mwaka ujao. Betri za tochi si hivyo: zikiisha hutupwa. Watu wengi huita betri za tochi «mawe». Wamesema kweli kuliko walivyojua, maana betri hutoka katika mawe.

Zamani mtu wa Kalemie aliyetaka kumpasha habari ndugu yake wa Kolwezi aliandika barua, akampa dereva wa kamioni, akangoja. Mvua ikiharibu njia, maiti ilizikwa na ndugu hajui bado. Leo anapiga simu, na feza ya dawa yafika siku ile ile kwa simu. Hata masomo yamepita humo. Mwaka 2020, madarasa yalipofungwa katika Kongo nzima kwa sababu ya ugonjwa wa korona, Radio Okapi ilitangaza masomo. Mtoto asiye na redio nyumbani aliweza kuyasikiliza katika simu ya mzazi, kama ilikuwa na redio ndani. Lakini redio haisikii swali la mtoto, wala haioni daftari lake.

Sasa tazameni safari ya jiwe. Mwaka 2023, katika kila kilo 100 za kobalti zilizochimbwa duniani, zaidi ya 70 zilitoka Kongo. Sehemu kubwa huchimbwa na makampuni yenye mashine. Sehemu nyingine huchimbwa kwa nyundo na sepetu, na watu wanaoshuka katika mashimo marefu, membamba. Mara nyingine shimo linaanguka juu yao. Na watoto wako huko pia. Wanaokota mawe, wanayachagua, wanayaosha mtoni. Mwaka 2014 shirika la UNICEF lilikadiri kwamba watoto karibu 40,000 walifanya kazi katika migodi ya kusini ya Kongo. Sheria ya Kongo yakataza kazi hiyo kwa mtu asiyetimiza miaka 18.

Kwa nini wanakwenda? Tangu mwaka 2019 serikali imesema masomo ya msingi ni bure, lakini daftari na nguo hazitolewi bure, na njaa haingoji. Wengine wanaosha mawe asubuhi ili wapate feza ya kusomea mchana.

Jioni mfuko wapelekwa kwa mnunuzi. Yeye ana mizani. Ana pia chombo cha kuonyesha kiasi cha kobalti kilichomo katika jiwe. Akielekeza chombo kwenye jiwe, namba zatokea katika kioo. Bei yategemea namba hizo. Anayejua kusoma na kuhesabu aweza kusema: «Bwana, hesabu hii haikutimia.» Asiyejua hupokea anachopewa, hurudi nyumbani, naye hajui kama ameibiwa.

Mawe yapelekwa kiwandani, yatokea huko kama unga. Makamioni yauchukua unga, yapita mpakani Kasumbalesa, yashuka mpaka bandari za bahari, kama Durban na Dar es Salaam. Unga mwingi hupelekwa Uchina kusafishwa. Kisha simu hurudi Kongo ndani ya sanduku la kartoni, na gramu chache za jiwe jeusi zimo ndani yake.

Maulizo. Jina la kobalti lilitoka wapi? Kwa nini betri ya simu yaweza kujazwa tena? Mchimbaji asiyejua kusoma namba anapoteza nini mbele ya mnunuzi? Waulizeni wazee nyumbani: simu ya kwanza ilifika lini kwenu, nayo ilileta habari gani?