WASIO NA PA KULALA

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake (S.A.W.), twapenda kuwaeleza ndugu zetu habari ya mkutano tuliofanya baada ya sala ya Isha, mahali pa darasa yetu ya kila juma. Jambo lililotukutanisha ni moja: hali ya watu wa mji huu wasio na pa kulala, na lililo wajibu wetu juu yao.

Sababu ya mkutano ni hii. Msikiti mmoja wa mtaani kwetu ulitiwa lango la chuma barazani ili watu wasilale pale usiku. Fedha za lango zilichangwa, na baadhi yetu tulikuwa miongoni mwa waliotoa, tukidhani kuwa twaipa nyumba ya Mwenyezi Mungu heshima yake. Masika yalipoingia, mmoja wetu akienda sala ya Alfajiri alimkuta mzee amejikunyata chini ya mkokoteni, maji yampitia. Alipomwinua akamjua: ni hamali aliyekuwa akibeba magunia ya baba zetu, na ambaye kwa miaka mingi hakukosekana safu ya mbele. Baraza ile ndiyo iliyokuwa kitanda chake. Alipoulizwa kwa nini hakupiga hodi kwa mtu, alijibu kuwa alipoona lango limefungwa alidhani sote tumekwisha shauriana.

Maneno hayo ndiyo yaliyotukalisha kitako.

Mkutanoni zilitoka rai tatu. Wa kwanza walisema lango libaki, kwani walalao barazani huacha uchafu, na viatu vya watu huibwa. Wa pili walisema wapikiwe chakula kila Ijumaa, na hilo latosha. Wa tatu walisema kuwa asiye na pa kulala akipewa sahani ya pilau atashiba saa chache, kisha atarudi pale pale alipokuwa. Basi tukaona ni bora kuyarejea mambo ya wakati wa Mtume (S.A.W.) kabla ya kupima kwa fikira zetu.

Yajulikana kuwa katika msikiti wa Mtume, Madina, palikuwa na sehemu iliyoezekwa iitwayo Suffa. Hapo walikaa Waislamu mafukara, wengi wao wageni waliohama makwao, wasio na jamaa wala mali wala nyumba. Idadi yao ilizidi na kupungua, kwani aliyepata kazi au aliyeoa aliondoka. Abu Hurayra, ambaye hakuna sahaba aliyepokea Hadithi nyingi kumshinda, alikuwa mmoja wao. Lau Suffa ingetiwa lango, ni elimu kiasi gani ingelala nje?

Tena Mtume hakuwaacha wakae pale kama vyombo vilivyosahauliwa. Imepokewa na Bukhari kuwa aliwaagiza Masahaba kwamba mwenye chakula cha wawili amchukue wa tatu kutoka Suffa, naye mwenyewe akachukua watu kumi. Tazama, ndugu msomaji: hakusema wapelekewe chakula tu. Alisema wachukuliwe majumbani. Mtu akila nawe mkekani utalijua jina lake na kilichomfikisha alipo.

Katika Sahihi hiyo hiyo imo habari ya mwanamke mmoja aliyekuwa mtumwa akaachwa huru, naye alikuwa na hema yake ndani ya msikiti wa Mtume. Imo pia habari ya Abdallah bin Umar, aliyekuwa akilala msikitini alipokuwa kijana asiye na mke. Kwa hivyo katika madhehebu yetu ya Shafi, wanazuoni, kama Imamu Nawawi, wamesema hapana karaha kulala msikitini. Ni kweli kuwa Imamu Malik hakupendezwa na hilo kwa mwenye nyumba yake. Lakini sisi twazungumza juu ya asiye na nyumba. Ama uchafu na wizi, hayo ni madhara ya kweli, na dawa yake ni ufagio na mlinzi. Asiyeiba hapati adhabu ya mwizi.

Liko na somo la pili. Wahajiri walipofika Madina, Mtume aliwaunganisha udugu na Ansari. Saad bin Rabii alijitolea kumpa nduguye Abdurrahman bin Auf nusu ya mali yake. Abdurrahman alimwombea baraka, kisha akaomba aonyeshwe soko lilipo. Akaanza kwa samli na jibini, na baadaye akawa miongoni mwa matajiri. Hapa tunajifunza mambo mawili pamoja: mwenye kutoa asitoe makombo, na mwenye kupewa afunguliwe njia ya kusimama kwa miguu yake.

Sasa tutazame kwetu. Serikali ya Kenya ilipowahesabu watu wanaoishi barabarani katika mwaka 2018, walipatikana 46,639 katika nchi nzima. Nairobi peke yake walikuwa 15,337, na Mombasa 7,529. Mji wetu ulikuwa wa pili. Si wote hao ni Waislamu, wala hilo halitupunguzii wajibu. Abu Yusuf ametaja katika Kitabu cha Kharaj kuwa Sayyidna Umar alimkuta mzee wa Kiyahudi akiomba. Akamshika mkono hadi nyumbani kwake akampa alichokuwa nacho, kisha akaamuru atazamwe kutoka Baitul Mali, yeye na walio mfano wake.

Na watu hawa hawakushuka na mvua. Wako waliojenga nyumba juu ya kiwanja cha mwingine wakilipa kodi ya ardhi, kama ilivyo desturi ya zamani ya pwani yetu. Kiwanja kikauzwa, na nyumba ikabomolewa. Wako wajane. Sheria ya Mwenyezi Mungu imempa mjane robo ya mali ya mumewe ikiwa marehemu hakuacha mtoto, na thumuni ikiwa ameacha. Lakini ndugu huiuza nyumba wakagawana, naye akaambiwa arudi kwao, na kwao hakuna mtu. Wako walioachwa, wakatolewa nje kabla ya eda kwisha, na hali Sura ya Talaka imeamrisha wakalishwe. Wako vijana waliochukuliwa na unga, na watoto waliokimbia kipigo. Basi kabla ya kusema kuwa watu hawa ni wavivu, tujiulize ni wangapi kati yao waliotolewa nje na mikono ya Waislamu wanaosali.

Baada ya mazungumzo marefu, mkutano ulikubaliana juu ya mambo manne.

Kwanza, tuende kwa kamati ya msikiti, kwa adabu, tuombe lango lifunguliwe baada ya Isha hadi kabla ya Alfajiri. Sisi tutatoa mtu wa kulinda kwa zamu, na walalao watafagia na kuosha baraza kabla ya adhana. Kwa kuwa tulichangia kulifunga, haitupasi kumlaumu mwingine kabla ya kujilaumu nafsi zetu.

Pili, kila mmoja wetu amchukue mtu mmoja kula nyumbani kwake mara moja kwa juma, ajue jina lake na jamaa zake. Huenda akawa na kwao, na lililokosekana ni mtu wa kusuluhisha.

Tatu, mzee yule akodiwe chumba kwa mchango wa kila mwezi. Kiasi kiandikwe daftarini na kisomwe mbele ya watu wote, ili sadaka isitiliwe shaka.

Nne, tutafute miongoni mwetu mwenye nyumba atakayeweka wakfu japo vyumba viwili. Sayyidna Umar alipopata ardhi Khaibar alishauriwa na Mtume aizuie asili yake na atoe mazao yake sadaka. Akawawekea mafukara na jamaa, na wasafiri na wageni. Sadaka ya mkononi huisha siku ile ile, na wakfu hubaki baada ya mwenyewe kuzikwa.

Wakati wa kuandika haya, kamati haijatupa jibu, na mwenye nyumba hajapatikana. Mzee amekwisha ingia chumbani, na wanane katika sisi wamekwisha anza zamu za chakula. Ni kidogo, nasi hatuoni fahari kwacho.

Ewe ndugu msomaji, usiku wa leo ukisikia mvua juu ya bati lako, jiulize ni nani aliyedhani kuwa nawe ulikuwa katika shauri la kumfungia lango. Twamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyafanya kwa ujinga, na atupe tawfiki ya kuyatengeneza. Amin.