Mkiugua Chumba Kimoja: Kijitabu cha Mume na Mke

Machi 13, 2020, Wizara ya Afya ya Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini. Wiki mbili baadaye kafyu ikaanza, saa 1 usiku hadi saa 11 alfajiri, na mapema Aprili Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Shule zilikuwa zimeshafungwa tayari. Watu waliambiwa wakae nyumbani, nao wakakaa. Ila katika matangazo yote yale ya redioni, jambo moja halikusemwa vya kutosha: mume na mke waishi vipi humo ndani mlango ukishafungwa.

Dharura ya dunia ilitangazwa kwisha Mei 2023. Korona yenyewe ingalipo, na maradhi mengine yanayopita kwa hewa hayajatuacha. Yaliyomo humu yanafaa leo kama yalivyofaa wakati ule.

Kwa nini tunaambukizana nyumbani

Virusi vya korona hutoka na pumzi ya mgonjwa anapokohoa, anapozungumza, hata anapohema tu, na hubaki hewani kwa muda mahali pasipopita upepo. Kwenye matatu mtu alivaa barakoa. Alipofika kwake aliivua. Mnakula sinia moja, mnalala kitanda kimoja, na dirisha mmelifunga kwa sababu ya mbu. Isitoshe, mtu huweza kuambukiza siku mbili hivi kabla hajaanza kukohoa.

Kwa hiyo maneno ya "wewe ndiye uliyeniletea" hayana msingi wala faida. Anayelaumiwa leo ataficha kikohozi chake kesho, na kikohozi kilichofichwa ndicho kinachoingia kwa mama mzee wa chumba cha pili.

Kaeni kitako kabla hamjaugua

Chukueni mfano wa nyumba ya Kiswahili pale Kisauni, Mombasa: ukumbi katikati, vyumba pande mbili, choo na jiko viko uani na vinatumiwa na wapangaji wote. Chumba kimoja kina mume mwendesha tuktuk, mke muuza mahamri na mbaazi, na watoto wawili. Hawa hawana chumba cha kumtengea mgonjwa, na kijitabu kinachowaambia "mgonjwa akae chumba chake" hakiwafai kitu. Kinachowafaa ni kuamua mapema mambo haya.

Kwanza, nani atauguza. Kwetu jibu huja lenyewe bila kuulizwa: mke. Desturi hiyo inafaa iangaliwe upya. Muuguzi awe yule mwenye afya zaidi. Kama mke ni mjamzito, au ana presha, kisukari au pumu, basi mume ndiye wa kupika uji, kufua mashuka na kumpa mgonjwa dawa, hata kama mgonjwa mwenyewe ni mama mkwe. Mjamzito akipata korona huwa katika hatari zaidi ya kuzidiwa kuliko mwanamke wa umri wake asiye na mimba. Aibu ya mwanamume kuonekana uani na beseni la nguo haifiki popote mbele ya hatari hiyo.

Pili, pesa za gari la usiku. Mwaka 2020 ada za M-Pesa ziliondolewa kwa kutuma hadi shilingi 1,000, na watu wengi wakazoea kuweka akiba ndogo kwenye simu. Endeleeni nayo. Iwe akiba ya hospitali peke yake, na wote wawili mjue namba ya siri, kwa sababu atakayezidiwa huenda akawa ndiye mwenye simu hiyo.

Tatu, watoto watalala wapi. Kama yuko shangazi au jirani mnayemwamini, semeni naye mapema, na mumwambie wazi sababu.

Mmoja akianza kuugua

Homa, kikohozi, uchovu usioeleweka, koo kuwasha, kunusa mchuzi wa nazi usipate harufu: ikitokea moja kati ya hizi, msingoje majibu ya kipimo ndipo mjitenge. Fungueni dirisha na mlango ili upepo upite, na neti ishughulike na mbu. Mgonjwa alale upande wa dirisha. Mwenye afya atandike mkeka upande wa pili, umbali wa angalau mita moja. Ikishindikana kabisa na kitanda ni kimoja, mlale mzungu wa nne, kichwa cha mmoja miguuni pa mwenzake. Hakumalizi hatari, kunaipunguza. Barakoa wavae wote wawili wanapokaribiana, na mgonjwa asiivae akiwa anashindwa kupumua vizuri.

Mgonjwa apakuliwe chake, asile sinia moja na wenziwe. Vyombo vyake havitupwi wala havichomwi, vinaoshwa kwa sabuni na maji ya moto basi. Mikono nayo ni sekunde 20 kwa sabuni na maji yanayotiririka. Mnaonunua maji kwa mikokoteni mnajua thamani ya kila dumu, kwa hiyo tobo dogo kwenye kidumu cha lita 5, lililozibwa kwa kijiti, litawatosha watu wa nyumba nzima bila kumwaga ovyo.

Choo cha pamoja kinahitaji ukweli. Waambieni wapangaji wenzenu. Mgonjwa aende akiwa na barakoa, na baada yake pafutwe kwa sabuni, kisha kwa Jik iliyochanganywa na maji kama chupa inavyoeleza. Jik isichanganywe kamwe na ndimu, siki au dawa nyingine ya choo, kwani hutoa gesi inayochoma mapafu. Jirani akiambiwa mapema huleta uji mlangoni. Akigundua mwenyewe, huleta maneno.

Shirika la Afya Duniani linashauri mgonjwa mwenye dalili ajitenge siku 10 tangu zilipoanza, kama hakupimwa tena akaonekana amepona.

Tangawizi, kujifukiza na vidonge

Chai ya tangawizi na ndimu hulainisha koo na humtia mgonjwa hamu ya kunywa maji. Mpeni. Haiui virusi. Kujifukiza pia hakuui virusi, na sufuria ya maji yanayochemka chini ya shuka, ndani ya chumba chenye watoto, imeunguza watu. Dawa za antibayotiki hupambana na bakteria. Kwa korona hazisaidii mpaka daktari aone kuna ugonjwa mwingine juu yake. Kwa homa na maumivu ni paracetamol, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti.

Mama anayenyonyesha aendelee kunyonyesha. Anawe mikono, avae barakoa, amwekee mtoto titi kama kawaida.

Usiku wa kukimbizwa hospitali

Nendeni bila kungoja asubuhi mkiona mgonjwa anahema akiwa ameketi tu, hawezi kumaliza sentensi, kifua kinambana, anachanganyikiwa, hazinduki vizuri, au midomo imegeuka rangi kuwa ya buluu au ya kijivu. Kama mna kipima oksijeni cha kidoleni, kikisoma chini ya 94, nendeni. Korona humdanganya mtu: oksijeni inaweza kushuka huku mgonjwa anasema yuko sawa.

Hofu ya kafyu iliwagharimu wengi. Nairobi, Daktari Jemimah Kariuki aliona wodi ya uzazi imepungukiwa na akina mama usiku, huku waliofika wakifika wakiwa wamezidiwa. Akaanzisha Wheels for Life, mpango uliowapelekea magari wajawazito saa za kafyu. Funzo lake kwenu ni hili: gari la usiku litafutwe mchana. Namba ya dereva wa jirani iwe kwenye simu zote mbili. Kliniki ya wajawazito, chanjo za watoto, dawa za presha, ARV na uzazi wa mpango visisimame kwa sababu ya janga.

Mapenzi, kazi na hasira

Kumwomba mwenzako mlale mbalimbali kwa siku kadhaa ni kumlinda. Asikae akidhani amenyimwa haki yake ya ndoa. Mwambie hivyo kwa mdomo, kwa sababu ukimya kitandani huzaa shuku.

Tuktuk ilipokosa abiria, wanaume wengi walishinda nyumbani bila kazi, nao wanawake wakapata kazi mara mbili: biashara iliyodorora, na watoto ambao shule zao hazikufunguliwa zote hadi Januari 2021. Mume aliyesema jioni, "Mama watoto, leo sikupata kitu, niachie mimi watoto wewe upumzike," aliiokoa siku hiyo. Kukosa pesa kusemwe mapema, kusigeuzwe kuwa ukali.

Na ipo nyumba ambamo hatari kubwa ilikuwa mtu mwenyewe wa ndani. Kipindi kile simu za kuomba msaada wa dhuluma za kijinsia ziliongezeka nchini. Kupigwa hakusababishwi na korona, na amri ya kukaa nyumbani haimlazimishi mtu kukaa na anayemuumiza. Namba ya bure ni 1195, na kwa watoto ni 116. Aliyebakwa afike hospitali kabla ya saa 72 kwisha apewe dawa za kuzuia virusi vya ukimwi. Suluhu ya wazee isimcheleweshe.

Usiku wa leo, kabla hamjalala, jibuni pamoja maswali matatu: nani atamuuguza nani, pesa za gari ziko wapi, na watoto wataenda kwa nani. Majibu yaandikeni nyuma ya mlango.